Kwa vijana mnaojenga Himo: maji ya bati lako yaishie kwako

Wanangu,

Masika ndiyo kwanza yameanza na tayari nyumba mbili zimefikishana polisi. Chanzo ni maji ya bati. Mmoja kapaua paa lote limwage upande wa mwenzake, gata, ile mifereji ya ukingoni mwa paa, hana. Mwenzake kapandisha ukuta, maji yakarudi kuchimba msingi wa aliyeyamwaga. Sasa wanaitana wachawi. Mchawi gani? Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi.

Paa la mita 10 kwa 8 likipigwa na mvua ya milimita 25 linashusha lita 2,000. Mvua ya alasiri moja hiyo. Mpole gani ataamka ayakute jikoni kwake asigeuke mkorofi? Basi kabla ya kulalamika umepata jirani mbaya, tazama bati lako linamwaga wapi. Funga gata zenye mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita. Ukizilaza tambarare, majani yanaganda na maji yanafurika katikati, mara nyingi upande usiouona, yaani wa jirani. Yapeleke kwenye simtanki. Fundi atakwambia chimba shimo ujaze mawe, yatosha. Mpigie hesabu: shimo la mita 1 kwa 1, kina mita 1.5, likishajaa mawe linabakiwa na nafasi ya lita 500 hivi, na udongo wa mfinyanzi haunywi maji haraka. Shimo lipokee ziada ya tanki tu, tena likae mita 3 au zaidi kutoka msingi wako na wake.

Halafu mipaka. Mnanunua kiwanja cha hatua 20 kwa 20. Hatua za nani? Mrefu anakata sentimita 90, mfupi 75. Kwa hatua 20 tofauti ni mita 3, chumba kizima hicho. Na viongozi wetu wanagonga mhuri karatasi za namna hiyo, kisha wanashangaa kesi za ardhi haziishi. Pimeni kwa futi kamba, wote wawili mkiwepo na mwenyekiti wa kitongoji akishuhudia, kabla ya tofali la kwanza. Pandeni masale, mmea wetu wa mipaka. Minyaa acheni, utomvu wake unaunguza macho ya watoto. Kama kiwanja kimepimwa na bikoni, lile jiwe la mpaka la mpima, haionekani, mwite mpima, usichimbuechimbue mwenyewe.

Mengine mnayajua. Mbuzi afungwe. Takataka zisichomwe nguo zikiwa kwenye kamba. Spika igeuzwe ndani. Deni lidaiwe mlangoni, siyo kwenye grupu la WhatsApp.

Akiwa mkorofi kweli, nenda kwake jioni mvua ikiwa imekatika, na mtu mzima mmoja anayemheshimu. Kama kosa lilikuwa lako, huku Uchagani jani la sale linajulikana kazi yake: kuomba msamaha. Lichukue, wanangu, halina aibu. Ikishindikana, mwenyekiti, kisha Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza hilo halihukumu migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30 ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila msilale: ukiacha kudai ardhi yako miaka 12, sheria ya ukomo inakufungia mlango. Beba karatasi ya mauziano, picha zilizopigwa mvua ikinyesha zikionyesha mapaa yote mawili, na mashahidi wasio ndugu zako.