Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama chetu cha kutafuta vitu vya kale mnazijua, sitazirudia kwa urefu. Tumetoka na ditekta za metali mara 9, mikutano ya jioni imekuwa 4, na wenye mashamba 3 wametuongezea vibali. Daftari letu lina vitu 212. Kati yake 14 ni mapambo na vipande vya vyombo vya Kirumi: vishikizo vya utambo (mpini wa kuinulia ndoo) 6, miguu ya vyombo 5, mikono 2 na kifuniko cha jagi 1. Vyote vimepelekwa kwa ofisa wa kusajili wa kaunti, chini ya Portable Antiquities Scheme, mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na raia, unaosimamiwa na British Museum. Kupeleka huko nilikufanya mwenyewe, mara 5, kwa nauli yangu.

Sasa nije kwenye uamuzi wa Juni, maana najua wengi mmekuja kwa ajili yake. Niliondoa meza ya siki, tulipokuwa tukilaza vitu kwenye siki ili kuvisafisha. Niliiondoa kabla ya kuitisha mkutano, nikatumia pauni 164 za mfuko wa chama kununua mizani ya kidijitali, kalipa za venia 2 (vipimio vya sehemu za milimita), visanduku vya mfuniko unaobana na silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu. Kamati iliridhia wiki mbili baadaye kwa kura 5 dhidi ya 2. Waliosema mwenyekiti amejitwalia madaraka nimewasikia. Naomba na wao wanisikie.

Pambo la chombo cha Kirumi linatufikia peke yake kwa sababu ya namna lilivyotengenezwa. Mwili wa ndoo au jagi ulikuwa bamba jembamba la bronzi lililofuliwa kwa nyundo, mara nyingi halifiki unene wa milimita 1. Pambo lenyewe, liwe kichwa cha ng'ombe, uso wa Bacchus, mungu wa divai, au jani la mzabibu, lilimiminwa nene kwenye kalibu, kisha likabandikwa kwa lehemu ya risasi na bati. Lehemu hiyo ni laini. Utambo ukivuta kila siku, au chombo kikiachwa motoni, inaachia. Bamba kuukuu liliyeyushwa upya, au limeliwa na udongo na kuvunjwavunjwa na plau. Pambo nene likabaki. Wanaakiolojia huweza kupata vyombo vizima, kama vile vilivyotolewa kisimani Draper's Gardens, London, mwaka 2007. Sisi tunapata pambo tu, na ushahidi wake mwingi uko mgongoni.

Mgongo ukiwa umebonyea kwa ndani na una utando wa kijivu, hiyo ni lehemu, na pambo ni la chombo. Ukiwa na ncha au mabaki ya msumari, fikiria samani au sanduku kwanza. Kichwa kilichojazwa risasi, kizito kuliko umbo lake, chenye kitanzi utosini, huenda ni uzito wa mizani. Tazama pia kitanzi cha kishikizo: hulika upande wa ndani, juu, pale utambo ulipovuta ndoo iliyojaa. Kitanzi kisicholika kabisa kinatia shaka.

Mpindo wa mgongo unatoa hata ukubwa wa chombo. Pima kwa mlalo. Weka ukingo wa rula mgongoni kwa upana wa milimita 40, kisha pima mwanya wa katikati. Ukiwa milimita 2, zidisha 40 kwa 40, gawa kwa mara nane ya mwanya, ongeza nusu ya mwanya: nusu kipenyo ni milimita 101, yaani ndoo ya sentimita 20 hivi mahali pambo lilipokaa. Ukikosea mwanya kwa nusu milimita tu, nusu kipenyo kinayumba kwa karibu milimita 20 au zaidi. Ndiyo maana nilinunua kalipa, kwa wale wanaouliza rula za shule zina kasoro gani.

Siki inaharibu haya yote, kwa kuwa asidi yake hushambulia risasi. Mwezi Mei kishikizo chenye kichwa cha ng'ombe, urefu milimita 43, uzito gramu 51, kililazwa kwenye siki usiku mmoja. Jioni kilikuwa na ngozi ya kijani iliyokoza, laini, na lehemu imetanda mgongoni. Asubuhi kilikuwa cha waridi, kina vishimo, mgongo mtupu, na mistari ya nywele kati ya pembe imefutika. Ofisa alikisajili kama pambo "pengine la chombo". Neno hilo "pengine" limeingia kwa sababu yetu, na limeniuma mwaka mzima.

Utaratibu sasa ni huu: udongo mkavu utolewe kwa brashi laini na kijiti cha mwanzi, mgongo usiguswe. Kitu kikaushwe polepole kivulini, kamwe kisifungwe kwenye mfuko kikiwa na unyevu. Kikitoa unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta, hiyo ni kloridi inayokula bronzi. Kitengwe kwenye kisanduku chenye silika jeli, unyevu wa hewa ndani yake usizidi asilimia 35.

Kuna aliyehoji kwa nini tuhangaike wakati pambo moja la bronzi kwa kawaida si hazina chini ya Sheria ya Hazina ya 1996. Kofia ya Kirumi ya Crosby Garrett nayo haikuwa hazina, ikanadiwa mwaka 2010 kwa zaidi ya pauni milioni 2. Tangu Julai 2023, kitu chenye metali na umri wa zaidi ya miaka 200 kinaweza kuwa hazina kikiwa na umuhimu wa kipekee. Nani atauthibitisha umuhimu huo kwa kitu kilichochunwa ngozi?

Mahudhurio yananisikitisha. Kwenye mafunzo ya kupima walikuja watu 7, na 3 ni wa kamati. Waliolalamika zaidi kuhusu siki sikuwaona. Kati ya wanachama 38, waliolipa ada ya pauni 20 ni 16. Zimeingia pauni 320, vifaa 164, ukumbi 140, zimebaki 16. Tunadai pauni 440.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia maonyesho madogo, na pengine ziara ya makumbusho hali ikiruhusu.

Meza ya siki hairudi nikiwa mwenyekiti. Visanduku viko kwa mhazini, kimoja kwa kila aliyelipa, na ada inapokelewa leo kabla ya chai.

Mwenyekiti