Kapsuli ya mtu mzima haigeuki dawa ya mtoto kwa kugawanywa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaokaa dirisha la dawa tunaliona kila siku, ila ni kama haliwafikii wanaoamua dawa ipi itengenezwe na ipi iagizwe. Mimi ni mfamasia wa wodi ya watoto. Mtoto mwenye maradhi ya tumbo bado anatibiwa kwa dawa ya mtu mzima iliyokatwa, iliyosagwa au iliyokadiriwa kwa jicho.

Nianze na omeprazoli, maana ndiyo inayonikera zaidi. Hupunguza asidi ya tumbo, na huandikiwa hata mtoto mchanga ambaye asidi inampanda na kumchubua umio. Tatizo ni kwamba omeprazoli yenyewe huharibiwa na asidi hiyohiyo. Ndiyo maana kiwandani huvishwa ganda linalohimili tumbo, likaja kuachia dawa kwenye utumbo mwembamba. Fungua kapsuli uone: ndani mna chembe ndogo za mviringo, kila moja na ganda lake. Sasa mama wa mtoto wa miezi minane akiambiwa "mpe nusu", atafanyaje? Anazimwaga chembe kwenye karatasi, anazigawa mafungu mawili, fungu moja analisaga kati ya vijiko viwili mpaka liwe unga, kwa sababu anaogopa mtoto atapaliwa. Unga mwingine unaganda kwenye kijiko. Unaobahatika kumezwa hauna ganda tena, kwa hiyo sehemu kubwa inaharibikia tumboni. Mtoto anaendelea kulia usiku, wakirudi kliniki daktari anaongeza dozi, na kusaga kunaendelea. Mama huyo simlaumu hata kidogo. Onyo la kutosaga limo kwenye kile kikaratasi cha maandishi madogo, nacho kinabaki kwenye boksi huku yeye akikabidhiwa kapsuli ndani ya bahasha.

Metronidazoli, inayotibu vimelea vya tumbo kama amiba na giardia, ina kisa chake: uchungu. Ukisaga kidonge chake, uchungu unamjaa mtoto mdomoni, anatema nusu, anatapika nyingine, na mzazi anabaki hajui arudie dozi au aache. Wakati huohuo ipo dawa ya maji ya metronidazoli benzoeti, ambayo haiyeyuki kirahisi mdomoni kwa hiyo ulimi hauionji sana, na ikishamezwa mwili unaibadili kuwa metronidazoli ya kawaida. Si uvumbuzi wa jana. Kinachokosekana ni mtu wa kuiagiza.

Wapo watakaosema basi, watoto wote wapewe dawa za maji. Sikubali moja kwa moja. Chupa ni nzito kusafirisha, nyingine zinataka jokofu zikishafunguliwa, na kijiko cha nyumbani si kipimo; kimoja kinabeba karibu mara mbili ya kingine. Halafu kuna sorbitoli, utamu unaotiwa kwenye dawa nyingi za maji: ikizidi inaharisha. Unampa mtoto dawa ya tumbo, na utamu wake unamharisha!

Kwamba inawezekana kutengeneza kitu bora, zinki imeshatuonyesha. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mtoto anayeharisha apewe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ya mchanganyiko mpya pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Leo kipo kidonge cha miligramu 20 kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, muda mfupi tu, na ile ladha ya chuma imefunikwa. Hakitaki jokofu wala chupa. Hata nusu yake ni nusu ya kweli, maana kimewekewa mstari wa kukigawa.

Kichocho cha tumbo nacho kimepata dawa yake ya watoto, ila tazama kimesubiri kiasi gani. Prazikwanteli imetumika tangu miaka ya 1980, kidonge kikubwa na kichungu, na watoto wasiofikia umri wa shule wakawa wanaachwa nje ya kampeni za ugawaji. Kidonge kidogo kinachoyeyuka, cha watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, kilikubaliwa na wataalamu wa mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023. Miongo minne!

Najua sababu zinazotolewa: soko la watoto ni dogo, majaribio yake ni magumu, na dawa moja inatakiwa imfae mwenye kilo tatu na mwenye kilo thelathini. Ni kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishatoa orodha ya dawa muhimu za watoto mwaka 2007, na tafiti zimeonyesha kwamba hata mtoto wa miezi sita anaweza kumeza kidonge cha milimita mbili.

Ombi langu kwa kamati za ununuzi ni dogo. Fomu za hesabu ya dawa huuliza tu kama dawa ipo. Kapsuli za watu wazima zikijaa stoo, tunajaza "ipo", na huko juu wanaona mambo ni shwari. Ongezeni safu moja inayouliza: ya watoto ipo? Tukianza kujaza "haipo" mwezi baada ya mwezi, viwanda vitajua soko liko wapi. Na kila dawa ya maji itoke na bomba lake la kupimia, lenye alama za mililita.

Mfamasia wa watoto