Si miti pekee, tuutazame na udongo

Mhariri,

Kila mlima unapoporomoka, lawama ni ileile: watu wamekata miti. Ni kweli, lakini si yote. Juzi tulichimba shimo la choo shambani mwangu, juu ya Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Futi 10 za kwanza ni udongo mwekundu, laini, jembe linazama lenyewe. Chini yake tukakuta mfinyanzi wa kijivu, ukiusugua kwa vidole unateleza kama sabuni, na juu yake maji yanachuruzika kwa kukosa pa kupenya. Shamba langu lote limelalia utelezi huo!

Mlima Elgon ni volkano ya kale. Miamba na majivu yake yalioza, yakatupa rutuba hii ya mahindi na kahawa. Udongo wa mlima huohuo ndio uliofukia kijiji cha Nametsi, Bududa, upande wa Uganda, Machi 2010.

Naomba kaunti ilete wataalamu wa miamba wapime miteremko kabla watu hawajajenga. Nawe jirani, ukiona ufa uliopinda kama mundu juu ya boma lako, usiufukie tu. Hamisha watoto kwanza.

Mkulima,
Kapsokwony, Bungoma