Mdogo wangu, kuhusu muziki wa sendofu

Berlin

Mdogo wangu,

Mbukwenyi hapo Majengo. Baba na mama wafikishie shikamoo zao, na uwaambie baridi bado haijaniua.

Nyimbo ulizonitumia kwa ajili ya sendofu ya dada nimezisikiliza zote. Ulisema nisikufiche, basi sikufichi: singeli ile siiwezi. Siidharau hata kidogo. Vijana wa Manzese na Tandale wameibua kitu ambacho sasa kinapigwa hadi kwenye matamasha ya huku Ulaya, na mashairi yao yana utani mkali. Tatizo ni sikio langu. Mapigo yanapita 200 kwa dakika. Sijashika neno hili, lile limeshaondoka. Nachoka nikiwa nimekaa.

Usidhani ni uzee, maana tekno ya huku nayo imenishinda. Mwaka 2024 Ujerumani iliuingiza utamaduni wa tekno wa Berlin kwenye orodha yake ya urithi, wenzangu kazini wakanipeleka klabu nikauonje. Ni du-du-du-du mpaka alfajiri, haimbi mtu. Wenyewe wamefumba macho kwa raha, mimi natafuta pa kuingilia sipaoni.

Ugonjwa wangu uko hapo: wimbo usionipa nafasi ya kuitikia haunikai. Sisi Wagogo mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, huyu juu yule chini, na sauti zinakaa bila mtu kugawa. Dansi la zamani la bendi ya Mlimani Park nalipenda kwa sababu hiyohiyo, magita yanajibizana kama majirani uani. Amapiano je? Nzuri ukiwa unapika.

Juzi nilimwekea jirani yangu Mjerumani muziki wa marehemu Hukwe Zawose. Ilimba, ile ala ya vyuma vya kuguswa kwa vidole, ilipoanza tu, akainuka kukagua spika, akidhani imepasuka. Nikamweleza kwamba mvumo ule umewekwa makusudi: kwenye kisanduku cha ilimba hutobolewa tundu, likazibwa kwa utando wa buibui, basi chuma kikiguswa na utando nao unatetemeka. Alinitazama kama namdanganya. (Mzee huyo katokea hukohuko kwetu, kafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, nyimbo zake zikatolewa na kampuni ya Peter Gabriel kule Uingereza, na sisi wa Dodoma tunaona haya kumpiga kwenye sherehe zetu! Hilo linaniudhi kuliko singeli.)

Sasa ya kamati. Mchango wangu nimeshautuma kwa mama mdogo, mweka hazina. DJ wako abaki, vijana lazima wacheze, na singeli yako ipigwe baada ya chakula. Ila dada anapoingia ukumbini sitaki spika. Nataka kina mama wa muheme, ngoma yetu ya Kigogo, ngoma zimebanwa katikati ya magoti, waimbaji wakiwapokea. Shangazi wa Chamwino anawafahamu. Waulize bei yao mapema kabla MC hajaijaza ratiba. Nauli na chakula chao ni juu yangu. Na mtu wa mitambo asiwasogezee maikrofoni karibu na ngoma, sauti za waitikiaji zitamezwa.

Nijibu kabla ya kikao cha Jumapili.

Kaka yako