Tukiwaita nyumbani, pitieni ofisini kwanza: barua kwa vijana wa Lamu walio vyuoni Marekani

Wajukuu zangu, assalamu alaykum.

Nawaandikia nyote kwa pamoja, wa Mkomani na Langoni, wa Shela, wa Pate na wa Faza, kwa sababu maswali mnayonipigia simu ni yale yale. Nilifundisha sekondari hadi nikastaafu, na wazazi wenu hawajaacha kuniletea karatasi zenu niwasomee. Nimeona mengi humo ya kusikitisha, na mengi chanzo chake ni mapenzi: kijana hawezi kumwambia mamake hapana.

Basi mimi nawaambia, semeni hapana. Tukiwaita arusini, tukiwaita Maulidini, msijibu "inshallah nitakuja" kabla hamjafika ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwenu. Miaka hii Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unaangukia Agosti na Septemba, yaani wakati ule ule vyuo vya huko vinapofungua. Maulidi ya Lamu yana utamu wake, najua, lakini mwakani yatakuwepo.

Viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, iliyo ndani ya pasipoti ni ya kuingilia nchini. Kukaa kwako kunategemea I-20, ile hati ya chuo inayothibitisha masomo yako, na masomo yako kwenda kama inavyotakiwa. Kwa hivyo viza yaweza kuisha ukiwa darasani na usiwe umevunja sheria yoyote. Taabu huanza ukishatoka, kwani hurudi mpaka upate nyingine. Na I-20 nayo lazima iwe na saini ya safari ya ofisi ile ya chuo, ambayo hudumu mwaka mmoja; kwa aliyekwisha kuhitimu na yuko kwenye OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake, miezi sita tu.

Namkumbuka kijana wetu aliyekuja arusini kwa dada yake. Alikuwa na tiketi ya kurudi na pasipoti safi. Viza ilikuwa imeisha, na saini kwenye I-20 ilikuwa imepita mwaka. Kwao walidhani ni jambo la kugonga muhuri. Akavuka Mokowe, akapanda basi hadi Nairobi, akakuta miadi ya mahojiano ya ubalozini ni ya baada ya muhula kufunguliwa. Muhula ukampita akiwa amekaa barazani, na kila apitaye humwuliza, "Warudi lini?" Waliomwita hawakuwahi kumwuliza tarehe hata moja. Naye aliona haya kuwaambia.

Kuhusu kazi nitasema kwa ukali zaidi, kwa kuwa hapo pesa za nyumbani zimo. Muhula ukiendelea, mmeruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa zisizozidi 20 kwa wiki. Likizo mwaweza kuongeza. Nje ya chuo kunahitaji idhini, na idhini hutangulia kazi. Kuna CPT, mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya masomo, na chuo huyaandika kwenye I-20 yako kabla hujaanza. Atakayeyafanya kwa saa kamili miezi 12 au zaidi hatapata tena OPT ya ngazi hiyo ya masomo, kwa hivyo msiyachukue kwa pupa. OPT yenyewe ni miezi 12, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati waweza kuongezewa 24.

Sasa nyinyi wasichana mnaojua kupaka hina na piko. Nimesikia mnaitwa kwenye arusi za Wasomali na Waarabu huko, mnalipwa vizuri, pesa mkononi. Hiyo ni kazi. Sheria haijali kwamba kwetu ni ada na heshima ya bibi arusi. Wala haijali kwamba hukutia saini mkataba. Vivyo hivyo kwa wavulana wanaoendesha magari ya kubebea chakula kwa jina la rafiki. Kosa hilo laweza kukufutia haki ya kukaa, na likishaandikwa litakufuata kila utakapoomba viza. Ada ya muhula haipatikani kwa harusi tatu za hina. Waambieni hivyo wanaowaomba pesa, na mkiona uzito, wapeni namba yangu niseme nao mimi. Sitachoka.

Mnaohitimu Mei, msingoje Mei. Maombi ya OPT hupokewa kuanzia siku 90 kabla ya masomo kuisha, na mwisho ni siku 60 baada yake. Kadi ya kibali cha kazi hata ikifika, kazi haianzi mpaka ile tarehe iliyoandikwa juu yake. Na ikishaanza, siku zote mtakazokaa bila kazi zikijumlishwa zisizidi 90.

Nanyi wazazi mtakaosomewa barua hii: mtoto akikwambia "siwezi kuja", usimlilie kwenye simu. Mwulize viza yake inaisha lini.

Vijana, leo usiku toeni I-20 zenu. Saini ya safari iko ukurasa wa pili. Aliyeikuta imepita mwaka na ana tiketi ya mwezi ujao, asubuhi awe mlangoni pa ofisi ile kabla ya darasa.

Wassalaam,
Babu yenu, mwalimu mstaafu, Mkomani, Lamu