Panda Basi la Asubuhi, Mwanangu

Kibaha, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Barua hii nimeiweka juu ya vyeti vyako, maana najua hivyo utavihesabu mara tatu kabla ya kufunga begi. Nimeona niandike. Kila nikianza kusema unanijibu, "Usijali, mama," na maneno yananiishia mdomoni.

Jana ulisema utapanda basi la usiku kwenda Mbeya, ulale, ukiamka uwe umefika chuoni. Sikatai. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, na wenzako wengi wanafanya hivyo. Lakini uliongeza neno: "Kwani njiani kuna nini? Hiyo njia yenyewe sijawahi kuiona." Baba yako alikuwa kibarazani. Alikusikia. Hakusema kitu, ila chai yake ilipoa kikombeni mpaka nikaja kuimwaga.

Umeiona, mama. Desemba 2011 ulikuwa na miaka mitano. Tuliipita njia yote kwa lile gari jeupe, siku mbili kutoka hapa hadi kwa bibi yako Tukuyu. Mimi mtu wa pwani nilikuwa sijawahi kuvuka Morogoro, na nilichotaka ni kufika. Baba yako alikataa. Ujana wake alikuwa utingo wa malori ya Zambia, na alisema barabara ile ndiyo iliyomlisha, hawezi kuipita kama mgeni. Kila mahali palipomlisha tulisimama.

Tulianza Chalinze, pale njia inapogawana, ya kulia kwenda Tanga na Moshi, ya mbele kwenda Morogoro. Nikashusha kioo kununua mayai ya kuchemsha, wewe ukataka korosho, mdogo wako akataka kila alichokiona. Baba yako akasema tule kidogo, tuache nafasi. Morogoro tulikunywa chai tu, milima ya Uluguru ikiwa imefunikwa na mawingu.

Mikumi barabara inakata hifadhi katikati kwa kilomita 50 hivi. Baba yako alipunguza mwendo, akakusomea bango linaloorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Twiga, nyati, pundamilia. Ukamuuliza, "Na mtu akigongwa ni bei gani?" Alinyamaza mpaka tukapita kundi zima la swala. Ndipo akakujibu, "Mtu hana bei, mama. Ndiyo maana hayumo kwenye bango." Mimi nililiweka moyoni neno hilo, na leo nakurudishia wewe mwenye nalo.

Baada ya Mikumi unashuka kwenye joto, kwenye bonde la mibuyu. Mwanangu, ile mibuyu! Imejipanga milimani kushoto na kulia, mingine imebaki matawi tu, minene kuliko chumba chako. Hapo ndipo Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu. Vyekundu, vikavu, vimejazwa kwenye ndoo na kwenye nyavu, na wauzaji wanakimbilia gari kabla halijasimama. Baba yako alinunua sado mbili. Nikamwambia vitunguu hata Kibaha vipo. Akanijibu, "Hivi si vya kupeleka nyumbani, ni vya Kitonga." Sikumwelewa.

Nilimwelewa baadaye kidogo, tulipoanza kupanda. Kitonga ni ukuta. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na malori yaliyobeba mizigo ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Katikati ya mlima rejeta yetu ikachemka. Tukasogea pembeni, baba yako akakata matawi akayatandaza barabarani nyuma yetu, akaweka jiwe kwenye tairi. Mimi nilikuwa natetemeka, nimewakumbatia nyote wawili. Mbele yetu kulikuwa na lori limesimama, na dereva wake alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la mafuta ya taa, chini ya kivuli cha tela lake. Alitupa maji dumu zima. Baba yako hakumpa hela. Alimpa vitunguu. Vikakatwa pale pale, vikaungwa na dagaa, tukala sote kwenye sufuria moja, wewe umekaa juu ya tairi la akiba. Mpaka leo sijala dagaa watamu kama wale. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea yao njiani: anayepanda Kitonga hapandi mikono mitupu, kwa sababu hajui atakwama na nani.

Ukishapanda, hewa inabadilika ghafla. Ilula utaona nyanya kwenye matenga, nyekundu mpaka zinawaka. Kisha Lugalo. Baba yako alitushusha pale, akawaambia kwamba mahali hapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliwavizia Wajerumani wakawashinda, na kamanda wao Zelewski akauawa. Mdogo wako alikuwa amelala. Wewe uliuliza kama walikuwa na bunduki. Akakwambia wengi walikuwa na mikuki. Ukakaa kimya ukiangalia vichaka, kana kwamba bado wamo.

Tulilala Iringa. Jioni tulipanda Gangilonga, lile jibwe kubwa juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Ulilitegea sikio muda mrefu. Kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza, ulanzi ulikuwepo. Sijui kama unaujua. Ni utomvu wa mianzi michanga: wanaukata mche ncha, wanakinga, asubuhi na jioni wanapita kukusanya. Ukiwa wa siku hiyo hiyo ni mtamu kama juisi, wanauita mtogwa, hata watoto wanaonjeshwa. Ukikaa unachachuka, unaitwa mkangafu, na huo ni wa wakubwa. Ulionja mtogwa kwenye kikombe cha bati, ukaomba tena. Baba yako alichukua mkangafu kidogo, kwa kuwa gari lilikuwa limeshalala.

Asubuhi yake tukaenda Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini, kwenye njia ile ile ya Mbeya. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo pananipa hamu kuliko kote. Unashuka kwenye korongo kavu, na mbele yako zimesimama nguzo za udongo na mchanga, ndefu kuliko nyumba, mvua imezichonga zikabaki peke yake kama watu wanaosubiri kitu. Na chini, mawe. Mawe yaliyochongwa na mikono ya watu, shoka na vikwangulio, mengi yamelala pale pale yalipoachwa. Wataalamu wanayakadiria kuwa na miaka kati ya 260,000 na 300,000. Walichimba pale 1957 na 1958, wakakuta na mifupa ya viboko wa aina ambayo haipo tena duniani, kwa sababu lile korongo kavu lilikuwa maji. Mwongoza wageni alikupa shoka moja ulishike. Lilikaa kiganjani mwako kama lilipimwa. Ukamuuliza, "Walikuwa wanakula nini?" Akacheka, akasema nyama, labda ya huyo huyo kiboko. Ukageuka kwangu: "Na vitunguu?"

Mafinga tulinunua makusu, yale matunda ya porini yenye ganda gumu la kahawia na nyama ya njano ndani. Huko Mbozi utasikia wanayaita masuku. Kulikuwa pia na watoto wameshika mabeseni ya uyoga mkubwa kama sahani, nao tukanunua. Makambako ilikuwa baridi na ukungu, sikumbuki kitu zaidi ya kuwafunika kanga. Tulifika Tukuyu usiku, na bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa ameacha mbalaga kwenye chungu jikoni, ndizi zilizoungwa na nyama ya ng'ombe, bado za moto. Ulikula umesimama.

Daraja la Mungu tulienda siku ya tatu, nami sitalieleza sana kwa kuwa niliogopa kusogea. Ni mwamba uliovuka mto Kiwira wenyewe, bila fundi. Wanasema uji wa moto wa volkano ulipita juu ya maji ukapoa, ukaganda, ukaacha upinde. Maji yanapita chini yakipiga kelele. Baba yako alikubeba begani.

Sasa Kimondo. Wiki iliyopita ulikiona kwenye simu ukasema unatamani siku moja ukione. Mwanangu, ulikilalia.

Ilikuwa siku ya kurudi. Baba yako badala ya kukata kulia Uyole kurejea huku, alikata kushoto, akatupeleka mpaka Mbozi, ambayo siku hizi iko mkoa wa Songwe. Tukaacha lami, tukapita mashamba ya kahawa mpaka kijiji cha Ndolezi. Kipande cha chuma kimelala pale peke yake, urefu wake karibu mita 3, uzito wanakadiria tani 16. Karibu 90% ni chuma, na kilichobaki kingi ni nikeli. Kimetoka juu, angani. Mpima ardhi mmoja mgeni alikiandika 1930, lakini wenyeji walikijua kabla yake. Lini kilianguka, hakuna masimulizi ya mtu aliyekiona kikishuka, hivyo ni zamani mno. Wamekichimbua pembeni kikabaki kimekaa juu ya kilima kidogo cha udongo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Ulipanda, ukaweka shavu lako juu yake, ukasema, "Kina baridi kama sufuria." Baba yako yeye alitafuta pembe moja iliyokatwa kwa msumeno, waliyotoa kipande cha kwenda kupimwa, akapitisha kidole. Kwingine kote kimejaa mashimo kama kimeumwa. Pale ni laini kabisa. Akakushika mkono akakipitisha kidole chako pia.

Nakueleza haya kwa sababu moja, nayo nitaisema tu.

Unajua macho ya baba yako. Presha ya macho ilianza jicho la kushoto, na tulipofika hospitali ilikuwa imeshakula mengi. Mwaka huu hata la kulia limefunga. Anakwambia anaona kidogo ili usiwe na mawazo wakati unaanza chuo. Haoni, mwanangu. Haoni hata taa. Usiku mwingine ananiamsha anataka tuipite barabara. Anaanza Chalinze, ananiuliza, "Hapo kulia kuna nini?" nami namjibu ninachokumbuka. Mikumi analisoma lile bango mwenyewe. Mbuyuni huwa tunabishana kuhusu mibuyu. Juzi alifika mpaka Ndolezi akanyoosha mkono kitandani, akaniambia kidole chake bado kinaijua ile sehemu iliyokatwa.

Kwa hiyo uliposema njiani kuna nini, mimi niliumia kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Nakuomba upande basi la asubuhi. Nauli nimeiweka kwenye bahasha, na ya vitafunio ipo. Kaa dirishani. Usilale Mikumi. Najua basi halisimami kila mahali. Isimila utaona kibao tu, ndiyo hivyo, utaenda na wenzako likizo. Lakini Mbuyuni utaviona vitunguu, na kama basi likisimama nunua sado moja, umpe utakayekaa naye chumba kimoja. Mwaka huu ukipata siku nenda Kimondo, uweke kidole pale.

Na ukiwa njiani mpigie simu yeye, usinipigie mimi. Mwambie nyanya za Ilula ziko kwenye matenga au kwenye ndoo siku hizi. Mwambie mibuyu ina majani au haina, maana tumeshindwa kukubaliana. Kitonga usiseme kitu. Kama dirisha linafunguka, toa simu kidogo asikie malori yanavyopanda.

Mama yako