Barua kwa mwanangu: Ijumaa yako ya tarehe 13

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Mombasa hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali huko Ujerumani. Ujumbe wako nimeusoma, nikavaa miwani, nikausoma tena. Eti wenyeji wako huko husema Ijumaa ikiangukia tarehe 13 ni siku ya mkosi, na Ijumaa ya tarehe 13 Machi treni ilikuacha, simu ikapasuka kioo, na mgonjwa akakufokea mbele ya wenzako; na sasa unaiona Ijumaa ya tarehe 13 Novemba inakuja nawe tumbo linakukata. Wewe, uliyekuwa ukipita makaburini kabla ya alfajiri kwenda kununua mahamri?

Babako amekuwa karani bandarini maisha yake yote ya kazi. Daftari linaloandikwa hasara peke yake litakuonyesha umefilisika hata kama ghala limejaa. Siku hii nayo inahesabiwa vivyo hivyo. Simu yako ya kwanza ilitumbukia kwenye ndoo ya maji hapa hapa nyumbani. Ilikuwa siku gani? Hukumbuki, wala mimi sikumbuki, kwa kuwa hakuna aliyetuambia mapema tuiweke akilini.

Walikoitoa wenyeji wako hofu hii si kumoja. Wakristo wanasimulia kwamba katika karamu ya mwisho Yesu na wanafunzi wake walikuwa watu 13 mezani, Yuda aliyemsaliti akiwemo, na kwamba alisulubiwa Ijumaa. Kwa hiyo kulikuwa na watu wa Ulaya walioogopa kula mezani wakiwa 13, na mabaharia waliochukia kung'oa nanga Ijumaa. Hofu hizi mbili zilikaa muda mrefu kila moja kwake. Utaambiwa pia habari ya mfalme Philip wa Nne wa Ufaransa, aliyewakamata mashujaa wa Templar, chama cha wapiganaji wa Kikristo, tarehe 13 Oktoba 1307. Ilikuwa Ijumaa kweli, lakini kuifanya chanzo cha nuksi ni maneno ya juzi tu.

Kisa cha meza ndicho ninachokipenda. Mwaka 1898 tajiri mmoja wa migodi, Woolf Joel, aliandaa karamu katika hoteli ya Savoy, London. Mgeni mmoja hakuja, wakabaki 13. Akatokea wa kusema kuwa atakayeinuka kwanza atakufa. Joel akacheka, akainuka yeye. Wiki chache baadaye alipigwa risasi Johannesburg, akafa. Basi hoteli ikaanza kumkalisha mfanyakazi wake mmoja kila wageni wanapotimia 13, ili wawe 14. Wageni hawakupenda mtu baki asikilize mazungumzo yao, na mwaka 1927 ikachongwa sanamu ya paka kwa mbao, mweusi, jina lake Kaspar. Hukalishwa kitini, akafungwa kitambaa shingoni, akaandaliwa kila chakula kama mgeni. Tena paka mweusi, ambaye kwa hao Wajerumani unaokaa nao ndiye mkosi wenyewe! Na aliyemuua Joel alikuwa mtu aliyekuwa akimtishia ili apewe pesa. Viti vya London vilihusika na nini?

Hiyo ni ya 13. Kuiunganisha na Ijumaa kulivuma zaidi mwaka 1907, pale Thomas Lawson, tajiri wa hisa wa Boston, alipotoa riwaya kuhusu mtu anayeichagua Ijumaa ya tarehe 13 kuangusha soko la hisa la Wall Street, New York. Sasa sikiliza hili la baharini. Kulikuwa na jahazi la chuma lenye jina lake, Thomas W. Lawson, lenye milingoti saba. Jahazi jingine la aina yake lenye milingoti saba halijapata kujengwa. Desemba ya mwaka huo huo likavuka Atlantiki na shehena ya mafuta kuelekea London, dhoruba ikalipiga karibu na visiwa vya Scilly, likavunjika usiku, na karibu wote waliokuwamo wakafa. Watu wakashika vichwa: Ijumaa ya tarehe 13! Lakini saa za Uingereza zilikuwa zimekwisha kuingia Jumamosi tarehe 14. Ijumaa ilikuwa bado Boston. Mimi niliyejaza karatasi za meli kwa saa za huku na saa za kule nauliza tu: mkosi huo unafuata saa ya nani?

Na mabaharia wenyewe hawakubaliani. Pale Kilindini Mgiriki ukimpangia kuondoka Ijumaa hana neno. Jumanne ndiyo anayoikunjia uso, hasa ya tarehe 13. Constantinople, uliokuwa mji wao mkuu, ilianguka Jumanne, 29 Mei 1453, na hawajaisahau. Wahispania nao wana methali ya kukataza kuoa au kupanda chombo Jumanne. Mwitaliano humwambii kitu kuhusu 13, hofu yake ni 17. Ndiyo maana ndege za Lufthansa hazina mstari wa 13 wala wa 17. Kila abiria amewekewa hofu yake. Anayeketi mstari wa 14 yuko kwenye mstari wa 13 toka mbele, ila hajaambiwa.

Kwetu sisi Ijumaa ni bora ya siku, unajua tangu chuoni. Na tarehe 13 ya mwezi mwandamo ndiyo ya kwanza ya yale masiku meupe ambayo nyanyako hakuacha kuyafunga. Hapo usije ukawacheka wenzako, maana nyanyako huyo huyo hakutoa sindano nyumbani baada ya magharibi, alimfukuza bundi kwa ufagio, na Jumatano ya mwisho ya mfunguo tano hakutaka mtu asafiri. Mwalimu wa madrasa alikuwa akimsomea hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokanusha ndege mbaya, na kwa tafsiri mashuhuri bundi na mwezi wa Safar, ndio huo mfunguo tano, wametajwa humo humo. Akisikia, huitikia "sadakta." Kisha huuliza sindano iko wapi, jua linatua.

Kwa vile unafanya kazi hospitalini, kuna atakayekuonyesha makala ya mwaka 1993 ya jarida la madaktari la Uingereza, inayosema hatari ya kulazwa hospitalini kwa ajali za barabarani yaweza kupanda hadi asilimia 52 Ijumaa ya tarehe 13. Ilitoka katika toleo la Krismasi, ambalo huwa na mzaha wake, na majeruhi waliohesabiwa walikuwa wachache mno. Mwaka 2008 Waholanzi walitazama madai ya bima: Ijumaa za kawaida ajali kama 7,800, Ijumaa ya tarehe 13 kama 7,500. Huenda waoga walibaki nyumbani, au waliendesha polepole. Wafini ndio nawasifu, wao wameifanya Ijumaa ya tarehe 13 kuwa siku ya kitaifa ya kukumbushana kujikinga na ajali.

Halafu siku yenyewe si mgeni wa nadra. Mwezi wowote ukianza Jumapili, unayo. Haupiti mwaka bila angalau moja, na mwaka huu wa 2026 ni tatu: Februari, Machi, Novemba. Ile ya Februari ilikupitaje? Hukuniandikia lolote.

Huyo mwenzako anayetaka kukuachia zamu ya usiku ya tarehe 13 Novemba, ichukue, kama mkubwa wenu wa wodi ameridhia. Usimtolee hotuba, wala usimsomee haya ya babako. Mwombe tu naye akufanyie ile ya Jumamosi ya wiki ya pili yake, uende harusini kwa binamu yako Hamburg bila kukimbizana na treni. Nauli ya kwenda huko nitakusaidia nusu, mamako asijue.

Yeye anakusalimu sana na anataka kujua kama mafuta ya mgongo yamekwisha. Kuna jirani anayesafiri mwisho wa mwezi, na mzigo wake ni mwepesi. Nijibu upesi kabla hajafunga sanduku.

Wasalaam,
Babako